Kibaha–Posta kila siku na mgongo unauma, ninunue gari gani kwa milioni 14?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa mapacha, nina miaka 39, naishi Kibaha Maili Moja na kazi yangu iko Posta, ni mhasibu kwenye ofisi moja ya clearing. Jumatatu mpaka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nishatoka nyumbani, kwenda kilometa 40 kurudi 40. Asubuhi angalau, jioni ndo mtihani maana kutoka Magomeni mpaka Kimara unaweza ukakaa saa nzima na zaidi mguu uko kwenye breki tu, ukishavuka Kimara ukaingia ile njia nane ndo unapumua.

Nilikuwa na Vitz ya cc 1000, imenitumikia miaka sita sina cha kuilaumu ila mwishoni nikiwasha AC kwenye vilima vya Kibamba inaishiwa nguvu kabisa mpaka malori yananipigia honi. Nimeiuza 6.5, nikavunja kikoba nikapata 7.5, kwahiyo mkononi nina milioni 14 na hapo ndo mwisho, mkopo sitaki. Huu mwezi wa pili napanda daladala mpaka Mbezi alafu naunganisha, nasimama njia nzima, nikifika nyumbani siwezi hata kuinama kuwaogesha watoto. Nilienda hospitali nikapimwa, daktari akasema mifupa iko salama, ni misuli ya kiuno, nisikae vibaya muda mrefu na nisisimame muda mrefu. Sasa Mjomba kazi yangu nzima ni kukaa, na safari yangu nzima ni kukaa au kusimama, nifanyeje?

Shida yangu kila mtu ana gari lake la kunishauri. Baba watoto anataka tuchukue Mark X ya cc 2500, kaiona kwa 12.5, anasema mgongo unataka gari zito na kiti cha maana. Dalali mmoja ana Premio namba D anataka 13.5, hataki kushuka. Dada mmoja wa ofisini anasema nisijitese, nichukue Passo ya milioni 8 hela nyingine nifanyie mambo. Na mdogo wangu anasema wote hao waongo niagize mwenyewe Japani. Nimepiga hesabu kwa mwezi siwezi kuzidisha laki sita na nusu, mafuta na sevisi humo humo.

Naomba unisaidie kama mwanao, nimechoka kusimama.

Mama Pacha, Kibaha

*

Marahaba mwanangu, pole sana na huo mgongo, na pole ya watoto maana najua kinachokuuma zaidi sio kiuno ni kule kushindwa kuinama ukawabeba.

Mimi nimeendesha Bunju–Kurasini miaka tisa, hiyo safari ya giza mpaka giza naijua, kwahiyo nikwambie kitu kimoja kabla ya kutaja gari yoyote. Mtu anayetembea kilometa 10 kwa siku anaweza kununua gari kwa bei yake ya kununulia na akawa salama. Wewe huwezi. Wewe kwa siku unakata kilometa 80, mara siku 26 ni 2,080 kwa mwezi, mwaka mzima ni kama 25,000, hizo kuna watu Dar wanazimaliza kwa miaka mitatu. Kwahiyo bei ya dalali ni sehemu ndogo tu ya hela utakayoitoa, bei yenyewe iko kwenye pampu ya mafuta na gereji.

Tupige hesabu na hizo gari zako, tuchukulie lita ni shilingi 3,000 ili iwe rahisi, EWURA wakitoa bei mpya ile Jumatano ya kwanza ya mwezi utabadilisha mwenyewe. Mark X cc 2500 kwenye foleni ya Morogoro Road ikikupa kilometa 7 kwa lita ushukuru, hapo unaongelea lita karibu 297, yaani laki 8 na 90 elfu mafuta peke yake, hujagusa oili. Premio ya 1.5 iliyo nzima ikikupa 12 ni lita 173, laki 5 na 20. Passo ikienda 15 ni lita 139, laki 4 na 16 hivi. Sasa angalia hapo vizuri, kati ya Premio na Passo tofauti ni laki moja tu na kidogo kwa mwezi, lakini kati ya Premio na Mark X ni laki 3 na 70.

Baba watoto usimbishie kwa maneno, mwekee hiyo karatasi. Na mwambie Mjomba kakubali kwamba kwa kukaa amechagua vizuri, Mark X ni gari tulivu na kiti chake kizuri kuliko vyote ulivyoandika hapo. Ila ile injini ya 2500 ni ya kupulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zile tunazoita D4, ina plagi 6 badala ya 4, na bei inakuwa ndogo namna hiyo kwa gari la hadhi ile kwasababu wenye nazo wanazikimbia mafuta. Bajeti yako laki sita na nusu inaisha kabla mwezi haujafika tarehe 22.

Passo nayo dada wa ofisini hajakosea kwa mafuta, lakini yeye hana kiuno chako. Ile ya cc 1000 ina silinda tatu, kwenye foleni ukiweka D umekanyaga breki unausikia mtetemo kwenye usukani na kwenye kiti, saa moja ya hivyo kila jioni mwili unaubeba. Na umetoka kwenye Vitz ya cc 1000 kwasababu ya vilima vya Kibamba, unarudi tena cc 1000 kufanya nini?

Kuagiza Japani kwa milioni 14 nakuambia ukweli haitoshi kwa gari la saizi unayohitaji. Kodi iko hivi, ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini kati ya cc 1000 na 2000, gari ikizidi miaka 10 tangu itengenezwe inaongezwa 30% ya uchakavu, alafu juu ya vyote VAT 18%. Ukizipandisha hizo moja juu ya nyingine unakuta kodi inakaribia kuwa sawa na thamani ya gari pamoja na nauli ya meli, na thamani yenyewe TRA wana ya kwao wanayoitumia, kuna kikokotoo kwenye tovuti yao mdogo wako aingie aweke mwaka na modeli aone. Kwahiyo wewe ni mtu wa gari ambayo tayari iko hapa, namba D au hata namba C iliyotunzwa. Na hizi namba zisikudanganye, herufi inakwambia gari ilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii ilitengenezwa lini, unaweza kukuta namba D ni ya 2003 na namba C jirani yake ni ya 2005.

Sasa twende kwenye Premio maana ndo jibu langu, ila sio kila Premio.

Ile bodi ya 2001 mpaka 2007, ambayo kwa 13.5 naamini ndo uliyooneshwa, ilikuja na injini tatu na kwa nje zinafanana kabisa. Fungua boneti, kuna kibati kimeandikwa modeli. Kikiwa na NZT240 ni ya 1.5, injini ya 1NZ, hiyo ndo yako. ZZT240 ni 1.8, injini ya 1ZZ, nyingi zake zikizeeka zinakula oili, unaweka leo baada ya wiki mbili kijiti kikavu. AZT240 ni 2.0 D4. Hiyo ya mwisho ndo niliyonunua mimi kwa muuzaji mmoja mjini, mwaka 2012, sikujua kusoma kibati, nilivutiwa na bei na mbao mbao za kwenye dashibodi. Miezi mitano safi. Wa sita ikaanza kutetemeka nikisimama kwenye foleni, fundi wa kwanza akabadilisha plagi, wa pili akabadilisha koili, siku moja saa mbili usiku ikazima Mwenge mke wangu yuko ndani mjamzito wa miezi minane, tukasukumwa na vijana wa bodaboda mpaka pembeni. Fundi wa tatu ndo akasema ni pampu ya mafuta ile ya presha kubwa, na vali zimejaa masizi. Nilitoa hela mpaka nikaja kuiuza kwa hasara. Sitaki hilo likukute na watoto nyuma, kwahiyo hizo herufi tatu NZT zishike kama jina la mwanao.

Kwanini naipenda ya 1.5? Injini ya 1NZ ndo hiyo hiyo iko kwenye IST ya 1.5, Raum, Allion, Spacio ya 1.5, Fielder, mafundi wote wa mjini wanaijua wamefumba macho, spea zake Kariakoo, Gerezani na Shaurimoyo zinapatikana mpya na mtumba, inatumia cheni sio mkanda kwahiyo huna ule mzigo wa kubadilisha timing belt. Na gia boksi yake kwenye hiyo bodi ya zamani ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, sio CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua. Ile bodi ya kuanzia 2007 ni nzuri zaidi ila ni CVT na kwa hela yako utapata iliyochoka, na fundi akikosea akaiwekea oili ya otomatiki ya kawaida badala ya ile ya CVT ndo umeshaaga gia boksi.

Upande wa mgongo, urefu kati ya tairi ya mbele na ya nyuma kwenye Premio ni milimita 2,700, kwenye IST ni 2,370, hiyo tofauti ndo inayofanya Premio ielee kwenye matuta na IST irukeruke, ndo maana sijakuambia IST japo ni gari ya kuaminika na kila mtu atakwambia uichukue.

Lakini mwanangu, kwa 13.5 USINUNUE. Hapa ndo watu wengi wanapoumia. Ukitoa 13.5 unabaki na laki 5, humo utoe bima, uhamishe umiliki, na gari yoyote ya mkononi ya umri huo inakusubiri na madeni yake, tairi, bushi, shokapu, oili zote, pengine betri. Utaanza safari ya kilometa 2,080 kwa mwezi ukiwa huna hata senti ya shokapu, na mgongo wako unategemea shokapu. Gari yako bei ya mwisho ni milioni 12, zile mbili zikae pembeni hata dalali alie. Akigoma muage kwa heshima.

Na kama Premio ya 12 haipatikani, kuna gari watu hawaipendi sura ndo maana bei yake iko chini, Raum ya bodi ya pili, ile iliyotoka kuanzia 2003, modeli NCZ20. Injini ni hiyo hiyo 1NZ 1.5, kiti kiko juu kidogo kwahiyo hushuki kama unaingia shimoni wala hujinyanyui kwa kiuno ukitoka, unageuka tu unaweka miguu chini. Mlango wa nyuma ni wa kusukuma na upande wa kushoto hauna nguzo katikati, ukifungua yote miwili mapacha wanaingia kama wanaingia sebuleni, hutoinama kuwafunga mikanda. Haielei kama Premio kwenye barabara kubwa, hilo nisikufiche, ila kwa mtu mwenye kiuno kile kuingia na kutoka ni nusu ya maumivu. Kaa kwenye zote mbili kabla hujaamua, usisikie maneno ya watu wa kijiweni kuhusu sura.

Hybrid, zile za mafuta na umeme pamoja, mfano Aqua, kwenye foleni inakula kidogo sana, ila kwa hela yako utapata ambayo betri lake kubwa limeshazeeka, tuiache kwa sasa.

Siku ya kwenda kuangalia gari mwambie dalali unafika saa moja asubuhi na asiiwashe. Ukifika weka mkono juu ya boneti, kama ni ya moto wameshaipasha, uliza kwanini. Fungua kifuniko cha oili angalia chini yake, kukiwa na uji uji wa rangi ya maziwa maji yameingia kwenye oili, ondoka hapo hapo. Angalia chupa ya maji ya radieta, ukikuta kulanti ya rangi, kijani au nyekundu, huyo mtu alikuwa anaitunza gari yake, ukikuta maji ya kutu jua imekuwa ikijazwa maji ya bomba na uulize kama themostati ipo maana Dar mafundi wengi wanaing'oa eti gari isichemshe, matokeo yake injini haifiki joto lake na inakula mafuta zaidi. Alafu mtu awashe, wewe simama nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Kama gia boksi ina kijiti kichomoe ufute kwenye tishu nyeupe, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapana.

Kisha uendeshe mwenyewe, na sio kuzunguka mtaa. Omba mwende mpaka kwenye foleni na mpaka kwenye barabara ya vumbi, AC imewashwa, redio imezimwa, vioo vimepandishwa. Kwenye vumbi ukisikia ko ko ko mbele ni stabilaiza linki au ball joint, viungo vya chini kwenye tairi za mbele, hizo sio za kukimbiza gari ni za kushushia bei, andika kwenye karatasi. Weka D ukiwa umekanyaga breki, mtetemo ukiwa mkubwa ni mauntini, ile mipira inayoshikilia injini, hizo pia andika na kwa mgongo wako ndo za kwanza kubadilisha. Kaa humo dakika 40. Kiuno chako kitakujibu.

Kilometa za kwenye dashibodi usiziamini sana, zinarudishwa. Angalia pedali ya breki ilivyolika na ngozi ya usukani, gari inayosema kilometa 78,000 na pedali imekuwa laini kama sabuni, hiyo ni hadithi. Tairi nazo zina namba nne za tarehe pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, kashata zikiwa nene lakini mpira una miaka saba, hizo zihesabu kuwa ni za kununua mpya. Ukiridhika mlipe fundi wako wewe, sio wa dalali, aipime kwa mashine na aingie chini. Hela ya fundi hata gari isipokufaa haijapotea.

Makaratasi usiyalegeze kwasababu dalali kakuita dada. Kadi original uione kwa macho, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, chesesi namba ya kwenye kadi uisome na kwenye gari. Akisema kadi iko benki maana yake kuna mkopo, hapo subiri mpaka itoke. Angalia deni la faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, andikishaneni mkataba kwa mwanasheria, na umiliki uhamishe TRA mara moja.

Ukishalipata, zile milioni mbili zianze kazi wiki hiyo hiyo. Oili na filta, oili ya gia boksi, kulanti, mauntini, shokapu kama zimekufa. Rimu ukikuta ni zile za urembo za 17 na tairi nyembamba zitoe, rudisha 14 au 15 zenye tairi nene. Na upepo mwanangu, upepo! Vijana wa tairi wanajaza mpaka PSI 40 gari inakuwa ngumu kama mkokoteni. Fungua mlango wa dereva kuna kibandiko kinasema kiasi chake, gari hizi ni kama 30 mpaka 35, mwambie hicho hicho na asubuhi tairi zikiwa baridi. Kiti usikilaze sana, sogea mbele mpaka ukikanyaga breki mwisho goti bado limekunjwa kidogo, taulo dogo likunje weka kwenye uwazi wa kiuno. Jioni ukifika Kimara kama mwili umekataa, ingia sheli, shuka tembea dakika tano, watoto wanakusubiri ukiwa mzima.

Kwa mwendo wako oili itakuwa kila kilometa 5,000, yaani kila miezi miwili na nusu, kwahiyo kila mwezi tenga laki moja na 20 ya sevisi na tairi usiiguse. Ukiijumlisha na laki 5 na 20 ya mafuta unapata laki 6 na 40. Umeona, inaingia kwenye hesabu yako.

Muoneshe baba watoto hii barua, mwende pamoja Jumapili, yeye ashike tochi aangalie kibati wewe ukae kwenye kiti. Mkikuta NZT nitumie picha ya hicho kibati na orodha ya uliyoandika kwenye karatasi, nikusaidie kumshusha huyo dalali bei.

Mjomba